Kampuni inataka kulinunua tena gari langu bovu: nikubali au nikatae?

*«Mpendwa mtaalamu, mwaka jana nilinunua gari jipya, si la mtumba, kwa wakala rasmi hapa Nairobi kwa Sh4.8 milioni. Nilitoa Sh1.2 milioni mwenyewe, benki ikanikopesha Sh3.6 milioni za miaka mitano, nami hulipa takriban Sh87,500 kila mwezi. Lilipofikisha kilomita 6,200 lilianza kutetema na kusitasita kwenye foleni, na mara mbili limekataa kabisa kuvuta nikiwa kwenye mwinuko wa Valley Road. Limerudi karakana ya wakala mara nne: mara mbili wakabadilisha klachi, mara moja wakaweka programu mpya, na mara moja wakaniambia halina kasoro, ila mimi ndiye nisiyejua kuendesha gari la otomatiki. Huu ni mwezi wa 18 na limekwenda kilomita 31,000. Wiki jana kampuni iliyoliunda iliniandikia kupitia kwa wakala kwamba ‘kwa nia njema’ iko tayari kulinunua tena kwa Sh3.7 milioni, mradi nitie sahihi katika siku 14 kuwa sitadai lolote tena wala kulizungumza jambo hili popote. Benki bado inanidai Sh2.8 milioni. Kaka yangu asema niende kortini nidai gari jipya. Rafiki yangu asema Kenya haina sheria ya magari mabovu, nichukue fedha nimshukuru Mungu. Mume wangu asema tuache kwanza kuilipa benki mpaka wakubwa hao waamke. Nifanye nini?»*

Dada, barua yako imebeba maswali matatu, na nadhani ndiyo sababu watu watatu wanaokutakia mema wamekupa majibu yasiyopatana. La kwanza ni kama gari hili litapona. La pili ni kama Sh3.7 milioni ni bei ya haki. La tatu ni kitu gani hasa unachokitoa siku utakapotia sahihi. Nikujibu kabla sijaeleza: kwa hayo uliyoyaandika, mimi ningekubali kulirudisha gari, ningekataa kiasi hicho cha fedha, na nisingetia sahihi karatasi hiyo jinsi ilivyo.

Nianze na la mumeo kwa kuwa ndilo linaloweza kukuumiza mwezi huu huu. Usiache kuilipa benki. Mkataba wa mkopo ni mwingine na mkataba wa ununuzi ni mwingine. Benki haikukuuzia gari, na ubovu wa gari si utetezi mbele yake. Ukikosa malipo, jina lako litapelekwa CRB, yaani kwenye kumbukumbu za wanaoshindwa kulipa mikopo, riba ya adhabu itaanza kupanda, na benki, ambayo kwa kawaida jina lake huandikwa kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, pamoja na la mkopaji, inaweza kulikamata gari lenyewe. Gari likishakamatwa, huna tena cha kurudisha wala cha kujadiliana nacho, na wakubwa unaotaka waamke watakuwa wamelala vizuri zaidi.

Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba hatuna sheria mahsusi ya magari mabovu kama zile za Marekani, ambako jimbo la Connecticut lilitangulia mwaka 1982 na majimbo mengine yakafuata, zikiweka wazi kwamba gari likirudi karakana mara kadhaa kwa kasoro ile ile, mwenyewe ana haki ya kurudishiwa fedha au kupewa jingine. Lakini kutokuwa na sheria ya jina hilo hakumaanishi kwamba uko mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ni ya zamani lakini bado ina meno, inaweka katika kifungu cha 16 sharti lisiloandikwa kwamba bidhaa uliyouziwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo itakuwa na ubora wa kuuzika na itafaa kwa kazi uliyomweleza. Juu yake ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, inayosema kwamba haki inazozitoa haziondolewi na maneno ya mkataba. Kwa hiyo kile kijitabu cha waranti ulichopewa siku ya ununuzi si mwisho wa haki zako, hata kama kimeandikwa kana kwamba ndicho.

Nimeona pia watu wakidhani kwamba kampuni ikikubali kulinunua gari tena, basi imekiri kosa. Haijakiri. Barua za namna hii huandikwa na mawakili, na maneno «nia njema» yamewekwa pale makusudi ili malipo yaonekane kuwa hisani. Yasikukere, wala yasikupe kiburi. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba yaelekea kampuni imepima gharama ya kuendelea kulitengeneza gari hili chini ya waranti ikaona ni nafuu kuliondoa barabarani, na hiyo ni dalili nzito kuhusu swali la kwanza, la kama litapona.

Hukuitaja aina ya giaboksi, lakini kutetema kwenye foleni, programu mpya, klachi kubadilishwa mara mbili na gari kukataa kuvuta mlimani ni maelezo yanayofanana sana na giaboksi ya klachi mbili, hasa ile ya klachi kavu. Kijitabu cha gari kitakuthibitishia. Kwenye otomatiki ya kawaida, kati ya injini na giaboksi kuna chombo kilichojaa mafuta. Injini huyazungusha mafuta, mafuta huisukuma giaboksi, na gari linaweza kutambaa nusu saa bila vyuma viwili kusuguana. Giaboksi ya klachi mbili haina chombo hicho. Ina klachi moja kwa gia za kwanza, tatu na tano, na nyingine kwa gia za pili, nne na sita, na kompyuta huzifunga na kuzifungua kwa zamu, kama wapagazi wawili wanaopokezana gunia bila kulitua chini. Barabara ikiwa wazi, kazi hiyo hufanyika kwa ustadi mkubwa na mafuta ya petroli huokolewa. Taabu huanza gari linapotakiwa kwenda polepole kuliko mwendo wa chini kabisa wa gia ya kwanza, kwa sababu hapo klachi haiwezi kufungwa kabisa wala kufunguliwa kabisa. Ni lazima iteleze, na kuteleza kwa vitu vikavu vilivyobanana ni kusuguana, na kusuguana ni joto.

Sasa iweke hali hiyo kwenye Valley Road saa kumi na mbili jioni. Gari linasogea mita tatu, linasimama, linasogea mita mbili, na safari hii likiwa linapanda. Kila msogeo ni mtelezo mwingine wa klachi, na kwa kuwa ni kavu, haina mafuta ya kulibeba joto hilo na kulipeleka mbali. Hewa peke yake ndiyo inayoipoza. Uso wa klachi huungua ukawa laini kama kioo, kisha hushika mahali pamoja na kuponyoka pengine, na huko ndiko kutetema unakokusikia kwenye usukani na kwenye kiti. Joto likizidi kiasi kilichowekwa, kompyuta huifungua klachi ili isiteketee, na wewe unajikuta unakanyaga, injini inanguruma, gari haliendi. Kwenye baadhi ya giaboksi hizi sababu ni nyingine: mpira wa kuzuia mafuta kwenye shafti huvuja na kuilowesha klachi ambayo haikutakiwa kuguswa na mafuta. Kwenye nyingine tatizo limo ndani ya kompyuta yenyewe ya giaboksi.

Sababu hizi zote humaliza klachi, lakini dawa zake si moja. Kubadilisha klachi ni kukiondoa kilicholiwa. Kinachokila kinabaki pale pale. Ndiyo maana gari lako limekuwa likirudi karakana. Programu mpya nayo hubadilisha namna klachi inavyoshika, na mara nyingi hufifisha dalili bila kuigusa sababu. Kabla ya kukata shauri, mwandikie wakala barua pepe na uombe majibu ya maandishi kwa mambo matatu: klachi uliyowekewa mara ya pili ilikuwa na namba ile ile ya kipuri kama ya kwanza, au ni ya muundo uliorekebishwa? Je, kiwanda kimewahi kumtumia waraka wa kiufundi kuhusu dalili hizi kwenye modeli yako? Na vile vipuri vilivyotolewa, vilichunguzwa vikaonekana na nini? Kama namba ni ile ile na hakuna uchunguzi uliofanywa, basi sioni sababu ya klachi ya tatu kudumu kuliko mbili zilizotangulia.

Hapo hapo niguse hilo la kwamba hujui kuendesha. Mwezi wa Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya nchi hiyo faini ya dola milioni 10 za Australia kwa namna ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi za klachi mbili za PowerShift kwenye magari yake ya Focus, Fiesta na EcoSport. Moja ya mambo yaliyoigharimu ni kwamba ilikuwa ikiwaambia wateja kuwa mtetemo unatokana na uendeshaji wao, huku ikijua kwamba ni dalili ya matatizo ya ubora wa magari hayo. Sisemi gari lako ni la kampuni hiyo wala kwamba wakala wako amefanya hivyo. Nasema tu kwamba jibu ulilopewa lina historia, na gari linalouzwa Nairobi linapaswa kustahimili foleni ya Nairobi likiwa mikononi mwa dereva wa kawaida. Ikiwa halistahimili bila mbinu maalum, mbinu hizo zilipaswa kuelezwa kabla hujalipa.

Chukua kadi zako za karakana zote nne uzisome neno kwa neno. Kwenye ile ya «halina kasoro» huenda ukakuta limeandikwa hivi: «Mteja alalamikia mtetemo. Gari limejaribiwa barabarani. Liko sawa.» Tazama saa ya jaribio na kilomita za kuingia na kutoka. Mara nyingi utaona kwamba fundi alilitoa saa nne asubuhi, giaboksi ikiwa baridi, akazunguka kilomita tatu za barabara isiyo na msongamano kule Industrial Area, akarudi. Kasoro inayojitokeza baada ya dakika 40 za kutambaa haiwezi kuonekana namna hiyo. Omba jaribio lingine jioni, wewe ukiwa ndani ya gari, na mashine ya kusoma kompyuta ikiwa imeunganishwa ili joto la klachi liandikwe linavyopanda. Fundi wa nje pia anaweza kukusomea misimbo ya hitilafu, kwa kuwa kusoma hakufungui kitu chochote. Lakini usimruhusu fundi yeyote wa Kirinyaga Road au kwingineko, hata awe hodari namna gani, kuifungua giaboksi hiyo wakati huu. Boliti moja ikiguswa nje ya karakana ya wakala, mjadala wote utahamia kwenye boliti hiyo.

Tuje kwenye fedha. Umetoa Sh1.2 milioni za mwanzo na malipo 18 ya mwezi, ambayo ni kama Sh1.575 milioni, jumla Sh2.775 milioni zimekutoka. Deni limeshuka kutoka Sh3.6 milioni hadi Sh2.8 milioni, maana yake karibu Sh775,000 ya ulichokilipa ilikuwa riba. Ukipokea Sh3.7 milioni na kuimaliza benki, mkononi zinabaki Sh900,000. Kwa lugha nyingine, kutumia gari hili kwa mwaka mmoja na nusu, likiwa karakana mara nne ndani ya muda huo, kutakuwa kumekugharimu Sh1.875 milioni, bila kuhesabu bima wala teksi. Sijasema bado kwamba ni nyingi au ni chache, kwa sababu hata gari zima lingekugharimu. Nataka tu uione hesabu yako yote, kwani barua ya kampuni imekuonyesha namba moja peke yake.

Kampuni inapokukata Sh1.1 milioni kutoka kwenye bei ya ununuzi, iulize imekata kwa kanuni gani. Hapa kwetu hakuna kanuni iliyoandikwa, kwa hiyo mara nyingi mtu huenda kwenye jedwali la uchakavu la bima au la benki akachukua bei ya gari la umri huo sokoni. Tatizo la njia hiyo ni kwamba inakutendea kana kwamba wewe umeamua kuuza kwa hiari, wakati ukweli ni kwamba unarudisha kitu ambacho hakikuwa sawa karibu tangu mwanzo. Sheria ya California hufanya hesabu kwa namna inayoelekea zaidi kwenye haki, na ingawa haina nguvu Nairobi, ni kipimo kizuri cha kuweka mezani. Huchukua umbali gari lilikokwenda kabla ya kuletwa karakana mara ya kwanza kwa kasoro hiyo, huugawanya kwa maili 120,000, yaani takriban kilomita 193,000, kisha huzidisha kwa bei. Mantiki yake ni kwamba unalipia matumizi uliyoyafaidi likiwa zima. Yale ya baada ya kasoro kuonekana hayawi juu yako. Kwako wewe ni kilomita 6,200 kwa 193,000, mara Sh4.8 milioni: makato ya takriban Sh154,000. Kwa kipimo hicho ungerudishiwa karibu Sh4.65 milioni.

Kampuni itasema, na si bila hoja, kwamba umeendesha kilomita 31,000 na gari lilikufikisha ulikokwenda siku nyingi kuliko siku lilizokuangusha. Basi tuhesabu hata kwa kilomita zote 31,000. Makato yanakuwa Sh771,000 hivi, na marejesho Sh4.03 milioni. Kwa hiyo hata ukikubali kipimo kinachoipendelea kampuni, ofa yake iko chini kwa zaidi ya Sh300,000. Ndiyo sababu nimekuambia ukatae kiasi hicho. Mimi ningeanza na Sh4.65 milioni pamoja na gharama zenye risiti, kama vile kifaa cha kufuatilia gari ambacho benki ilikulazimisha kuweka, teksi za siku gari likiwa karakana, na ada ya kumaliza mkopo mapema kama benki yako inaitoza. Ningeomba pia sehemu ya riba, nikijua kwamba hilo ndilo watakalolikataa kwanza. Kati ya Sh4.2 na Sh4.4 milioni ningeona tumefika mahali pa watu wazima. Chini ya Sh4 milioni nisingetia sahihi, isipokuwa wakinipa kitu kingine chenye thamani inayohesabika.

Ikiwa wataendelea kushikilia bei ya soko, waulize ni soko la siku gani na la gari lenye hali gani. Volkswagen ilipobainika mwezi wa Septemba 2015 kwamba iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi kwenye magari ya dizeli, makubaliano ya mwaka 2016 nchini Marekani yaliwapa wenye magari ya injini ya lita 2.0 nafasi ya kuyarudisha kwa thamani iliyokuwapo kabla habari haijavuja, pamoja na fidia ya ziada isiyopungua dola 5,100. Thamani ya gari bovu haiwezi kuwa kipimo cha kumlipa mtu aliyeuziwa ubovu huo. Mthamini huru, kwa mfano wa AA Kenya, chama cha wenye magari, au yule anayefanya kazi na kampuni yako ya bima, anaweza kukuandikia ripoti ya thamani ya gari kama hilo likiwa zima. Ni gharama ndogo ukilinganisha na tofauti mnayoijadili.

Kaka yako anataka korti, na sitaki kumdharau, kwa sababu wakati mwingine korti ndiyo njia pekee. Lakini ni lazima ujue udhaifu wako. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyekaa na bidhaa kwa muda unaotosha bila kusema anaikataa huhesabiwa kuwa ameipokea, na aliyeipokea hawezi tena kuirudisha kwa nguvu ya sheria; hubaki na haki ya fidia tu. Miezi 18 na kilomita 31,000 ni mzigo mzito kwenye hoja ya kulikataa gari, hata kama wakili wako ataeleza kwamba ulikuwa ukingoja matengenezo waliyokuahidi. Kwa hiyo kitu ambacho mahakama huenda isikulazimishie, yaani kulichukua gari lenyewe, ndicho kampuni inachokupa sasa kwa hiari. Hapo ndipo ofa hii ina thamani ambayo kaka yako hajaiona. Kesi ya fedha nyingi kama hizi itakwenda mbele ya hakimu, utahitaji mhandisi wa kutoa ushahidi, na muda wote huo gari linashuka thamani huku mkopo ukiendelea. Muda wa kudai kwa msingi wa mkataba ni miaka sita, kwa hiyo siku 14 za kwenye barua ni za ofa yao tu na wala hazifuti haki yako. Waandikie leo uombe waziongeze hadi 30, ukisema unangoja ripoti ya mthamini.

Iko njia ya kati ambayo wengi hawaijui. Ukilazimika kuliuza gari mwenyewe, ukimweleza mnunuzi ukweli wote ili naye asiuziwe mbuzi kwenye gunia, na hasara yako ikawa haizidi Sh1 milioni, unaweza kuidai kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Milimani mwaka 2021, hairefushi kesi kwani sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Malalamiko pia hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo ina jukumu la kulinda watumiaji. Kutaja kwa adabu kwenye barua yako kwamba unazijua njia hizi hutosha mara nyingi kuifanya kampuni irudi mezani na namba nyingine.

Njia nyingine zilizobaki ni chache. Gari jingine jipya la modeli ile ile lina maana ikiwa tu giaboksi yake imerekebishwa; vinginevyo unabadilishiwa ugonjwa. Giaboksi nzima mpya, pamoja na waranti yake mpya ya maandishi na fidia kidogo, ni jambo la kufikiria ikiwa unalipenda gari na kiwanda kimethibitisha kwamba muundo umebadilika. Kubaki nalo kwa ahadi ya mdomo ya «tutakuangalia» usikubali.

Sasa karatasi yenyewe. Maneno «sitadai lolote tena» ni mapana mno. Haki za watumiaji haziondolewi na mkataba wa ununuzi uliotiwa sahihi kabla ya tatizo kutokea, lakini maridhiano ya kumaliza mgogoro uliokwisha kuzuka ni mkataba unaofunga, na ndiyo maana wanayataka. Yawekewe mipaka: madai yanayohusu kasoro hii ya giaboksi na thamani ya gari hili, bila kugusa jeraha au ajali iliyokwisha kutokea. Sharti la kunyamaza liruhusu wazi wazi kuzungumza na wakili, benki, bima, KRA (mamlaka ya kodi), na mamlaka yoyote ya usalama au ya watumiaji. Angalia pia ni nani anayelipa. Wewe ulinunua kwa wakala, si kwa kiwanda. Kama barua imeandikwa na kiwanda kilicho ng'ambo na fedha zitatoka kwa wakala, wote wawili waingie kwenye makubaliano, tarehe ya malipo iandikwe, na riba ya kuchelewa itajwe. Mpe wakili aisome kabla, hata kama ni kwa saa moja tu ya muda wake. Hapa sikushauri utegemee makala, yangu ikiwamo.

Waulize vilevile watalifanyia nini gari. California hutaka gari lililonunuliwa tena kwa sababu ya kasoro liandikwe hivyo kwenye hati yake ya umiliki. Mimi ningependa kujua kwamba halitasafishwa likapelekwa kwenye yadi ya Ngong Road kwa mama mwingine, na sioni aibu kuliweka swali hilo kwenye barua, ingawa najua si wote wangejali.

Mkishapatana, iombe benki barua ya salio la kumaliza mkopo, yenye tarehe na riba ya kila siku, na uagize Sh2.8 milioni hizo, au zitakavyokuwa siku hiyo, zilipwe moja kwa moja benki na kilichobaki kije kwako. Endelea kulipa kila mwezi hadi benki ithibitishe kwa maandishi kwamba mkopo umeisha na imeiachilia logibuku. Uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, ufanyike baada ya fedha kuingia, si kabla, na usiridhike kwa kukabidhi funguo tu: gari likibaki kwa jina lako likiwa mikononi mwa wengine, faini na ajali zake zitakutafuta wewe. Bima usiifute mpaka uhamisho ukamilike, kisha udai marejesho ya miezi iliyobaki. Futa simu na anwani zako kwenye redio ya gari.

Hadi siku hiyo, kama litakataa tena kuvuta barabarani, hasa Thika Road au Mombasa Road ambako malori hayasubiri mtu, washa taa za tahadhari, livute pembeni na uliite gari la kuvuta la wakala. Usilipoze ukaendelea na safari. Kila tukio liandikwe tarehe, mahali na kilomita, na picha ya dashibodi ipigwe, kwa sababu likitokea mara ya tatu kabla hamjapatana, hiyo ndiyo kumbukumbu utakayoiambatisha kwenye jibu lako la Sh4.65 milioni.